Kucha za Mkono wa Kushoto

Jumapili, 4 Agosti

Leo kanisani nimefungua mdomo. Laiti ningeufunga!

Ilikuwa hivi. Ibada imekwisha, Mzee Kwansa, mkuu wa ukoo wetu, katukusanya uani sisi wanawake. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Takoradi kumposa Esaaba, mtoto wa marehemu dada yangu. Mzee anatafuta msemaji mwanamke. Huyo ndiye atakayesimama mbele za watu apokee vitu vya posa kimoja kimoja, avinyanyue, avisifie, na mwisho apokee pete. Eti wakwe wanakuja na mpiga video, na huyo mpiga video hana adabu, anasogeza kamera mpaka puani. Kwa hiyo anatakiwa mtu mwenye mdomo na mwenye mikono. Mzee ataamua Alhamisi.

Mdomo ninao. Mji mzima wa Oguaa unajua. Mikono sasa.

Ekua Bentsiwa, binamu yangu, kainua tu mkono wake wa kulia kupangusa jasho ambalo halikuwepo. Kucha tano, nyekundu kama mafuta ya mawese! Huyu ana kibanda cha kutengeneza kucha karibu na stendi. Kazi yake kukaa kivulini na kushika vidole vya watu. Mimi nauza dokono. Nakanda unga wa mahindi uliochacha, naufunga kwa majani ya mgomba, nauchemsha, naupakua wa moto. Kucha zangu zina unga tangu Pasaka.

Ekua kaniuliza kwa huruma (huruma yake ndiyo inayoniua), eti Da Araba, si upite kibandani kesho nikutazame hizo kucha? Watu wote wakaziangalia. Nikazificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Hapo ndipo mdomo ulipotoka mbio peke yake. Nikasema ahsante sana mwenzangu, lakini mimi kucha zangu hutengeneza mwenyewe nyumbani, na siku nikizitoa nje vibanda vya watu vitafungwa.

Ekua kasema amina.

Pete ile nitaipokea mimi. Nilimwahidi dada yangu akiwa kitandani kwamba siku ya Esaaba nitasimama. Basi nitasimama, na nitasimama na kucha!

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya matengenezo. Kuna binti mmoja wa Lagos anafundisha kwenye simu. Kasema: loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu. Nimeloweka. Kasema: ngozi ya shina la ukucha isukume nyuma taratibu kwa kijiti, usiikate. Mimi nikaona kusukuma ni kupoteza muda. Nimeikata. Vidole vyote kumi!

Halafu kasema: sasa sugua kwa limau na chumvi.

Mayowe niliyopiga yamesikika mpaka bandarini. Mume wangu Ato alikuwa uani. Yeye ni mchoraji wa mabango na mitumbwi, na leo alikuwa anachora bango la kinyozi, sura ya kijana mtanashati. Mkono ukamruka. Sasa yule kijana ana unyusi mmoja unaofika sikioni. Ato kaniambia kazi ya siku tatu nimeiharibu kwa limau moja. Nikamwambia urembo una gharama yake. Kajibu ndiyo, na siku zote inalipwa na asiyehusika. Kaninunia tangu saa nne.

Mchana kitunguu saumu, ili kucha ziwe ngumu. Punje kumi, zimetwangwa, zimefungwa kwenye vidole kwa mifuko ya nailoni. Saa nzima! Nimekaa mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Halafu nikasahau, nikaenda moja kwa moja kukanda unga.

Jioni wateja wamekuja. Mama Krampa wa kikundi cha maombi kanusa dokono lake, kalirudisha, kauliza kama kuna mtu ninayemfukuza nyumbani. Lakini Mzee Dadzie, katekista, kala manne pale pale kwenye benchi na samaki na pilipili, kasema hajawahi kuonja dokono lenye akili kama hili. Kesho anataka tena.

Kucha zimekuwa ngumu kweli. Nimegonga meza, imelia. Tunakwenda vizuri!

Jumanne, 6 Agosti

Leo Jumanne, siku ya mwiko wa kuvua, mitumbwi haiendi baharini, kwa hiyo Ato kashinda ufukweni anaipaka rangi. Nyumba kimya. Nimeosha mikono, nimeketi, nimefungua kichupa cha rangi nyekundu. Nimeanza na mkono wa kushoto.

Jamani. Jamani! Nani alijua? Brashi inateleza yenyewe. Ukucha wa kwanza sawasawa. Wa pili sawasawa. Wa mwisho, kale kadogo, nimekatazama mpaka machozi yakanilengalenga. Nimepaka mara mbili, nimesubiri, nimepaka yale mafuta ya kung'arisha. Ekua akafunge kibanda!

Kisha nikahamishia brashi mkono wa kushoto ili nipake wa kulia.

Sijui niandikeje. Mkono wangu wa kushoto haukuzaliwa na mimi, nadhani niliazimwa. Brashi inatetemeka, inaenda kulia, inaruka, inagusa kidole, inagusa meza. Nimefuta, nimerudia. Nimefuta, nimerudia. Mara ya nne rangi ilikuwa imefika kwenye kifundo. Kuku akikanyaga rangi atatoa kazi safi kuliko ile.

Nikajiliwaza, si kitu, mmoja ni mzuri. Nikatoka nje kukaa getini, niuonyeshe huo mmoja.

Sasa mtu anauonyeshaje?

Hapo ndipo akili iliponijia, na ilikuja imechelewa. Kushoto humpungii mtu. Kushoto humwelekezi mtu njia. Kushoto hupokei, hutoi, hata nzi humfukuzi mbele ya mkubwa wako. Nimetengeneza kucha tano bora kuliko zote Oguaa, na ziko kwenye mkono ambao tangu utoto nafundishwa kuuficha!

Na huyo Ekua akapita. Kanipungia kulia, tano zikimeremeta. Adabu inataka nijibu. Kulia sithubutu, kushoto ni tusi. Nikainua kiwiko. Kasimama, kaniuliza Da Araba, bega limeteguka? Nikasema ndiyo. Saa moja baadaye kaniletea dawa ya kuchua, na kanichua mwenyewe. Nimepata nafuu kweli, na bega halikuwa na kitu!

Ato alipokuja nimemwomba anipake kulia. Kasema muulize yule kijana wa unyusi.

Jumatano, 7 Agosti

naandika kwa mkono wa kushoto. nimeamua kuufunza. leo kila kitu kushoto. kijiko kushoto. ufagio kushoto. nguo nimevaa kushoto, imenichukua nusu saa. mpaka ijumaa utakuwa na akili na utapaka huu wa ku

Nimerudi kulia. Mistari ile mitatu imenitoa jasho kuliko sufuria la dokono.

Na kuna balaa. Mzee Dadzie, yule katekista, kaja kufuata dokono lake la kitunguu saumu. Nami kwa vile mwili umeshazoea mafunzo, nikampelekea kwa kushoto. Puani kabisa! Mzee wa miaka sabini na moja, aliyenibatizia wanangu!

Kalitazama dokono. Kautazama mkono. Nikaona kwa dakika moja macho yake yakitua kwenye kucha, na (nisijisifu) zilimvutia. Halafu akakumbuka hasira. Kauliza je, yeye ni mbwa? Kauliza nimemwona kikojozi? Nikapiga magoti, nikamwambia niwie radhi Mzee, bega, bega limeteguka, muulize Ekua, kanichua jana. Kasema bega lililoteguka halipaki rangi. Kaondoka. Dokono kalichukua, lakini kalitoa kwenye sinia mwenyewe, kwa kulia.

Jioni habari imemfikia Mzee Kwansa. Kesho ndiyo anaamua. Nimekaa jikoni nimeshika picha ya dada yangu, nimemwambia usiwe na wasiwasi, nina mpango.

Wakati ule sikuwa nao. Sasa ninao!

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango ni huu, na ni mzuri mno, sijui kwa nini haukunijia Jumanne. Mtu mwenye jeraha mkono wa kulia hutumia kushoto, na hakuna anayemlaumu. Anasema tu samahani, natumia kushoto, nao wanajibu hakuna kushoto hapa, mgonjwa wetu. Ndiyo desturi. Basi nimeufunga ule mbaya bandeji nene mpaka kiwikoni. Nimeungua na sufuria! Sasa mzuri uko huru kama ndege!

Nimeingia kikaoni kwa Mzee Kwansa saa tatu. Samahani, natumia kushoto. Nikampa mkono. Samahani, natumia kushoto. Nikapokea maji. Nimeomba maji mara tano. Wanawake wote wameziona! Shangazi mmoja kauliza nani kanipaka. Nikasema mimi mwenyewe, na sauti nilihakikisha inamfikia Ekua kule pembeni. Mzee Dadzie alikuwepo, na mwenyewe katamka kwamba jana alinihukumu kwa haraka, kumbe mtu anaungua (lile bega kalisahau). Nilielea!

Halafu Mzee Kwansa kakohoa. Kasema alikuwa amekwisha kunichagua mimi. Kwa mdomo wangu, na kwa ajili ya marehemu. Lakini pete haipokelewi kwa kushoto, hata kwa samahani elfu. Mgonjwa apumzike. Msemaji ni Ekua Bentsiwa.

ALIKUWA AMEKWISHA KUNICHAGUA!

Nimerudi nyumbani nalia njia nzima, napangusa machozi kwa bandeji.

Saa kumi alasiri. Mambo yamebadilika.

Mama Krampa kaja na wanawake watatu wa maombi kumwombea mgonjwa. Kashika chupa ya mafuta, anataka apake kwenye jeraha lenyewe. Nikasema linauma. Kasema ndiyo maana. Nikasema linanuka. Kasema kazoea, mumewe ana mguu wenye kidonda. Kabla sijameza mate kashafungua bandeji.

Wote wakapiga ukelele. Nilikuwa nimesahau ile rangi! Vidole vyangu vitano vimepakwa nyekundu kila upande. Mmoja akasema Mungu wangu, imebaki nyama tupu. Mwingine akaketi chini. Mama Krampa kaamuru wafumbe macho, wakaanza kuomba kwa nguvu, na Mama Krampa akianza kuomba hamalizi mpaka ataje manabii wote.

Chini ya meza kulikuwa na tambara la Ato lenye mafuta ya taa. Sikuwaza. Mkono wenyewe ulikwenda. Nimesugua tangu kwa Musa mpaka kwa Malaki. Aliposema amina nikaunyanyua. Safi! Mweupe pee! Hata mkwaruzo hauna!

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Wameruka, wamecheza, mmoja kavunja kibao changu cha kukalia. Mama Krampa kasema anasikia harufu ya upako. Yalikuwa mafuta ya taa. Wametoka mbio barabarani wanaimba jina langu.

Ijumaa, 9 Agosti

Saa mbili asubuhi Mzee Kwansa kasimama mlangoni kwangu na nusu ya ukoo. Kautazama mkono, kaugeuza, kaubonyeza. Kasema mkono ulioponywa na Mungu ndio utakaopokea pete, nani atabishana? Ekua kasema yeye habishani. Kisha kausogelea mkono wangu taratibu. Akanusa.

Akanitazama. Nikatazama paa.

Wengine walipotoka kabaki nyuma, kanong'ona kwamba hatasema kitu, ila kesho mbele ya kamera mkono mmoja una kucha za malkia na mwingine una kucha za muuza dokono, itakuwaje? Kasema nipe tu huo wa kulia, robo saa, hapa hapa jikoni, mtu asijue. Moyo ulitaka. Kweli ulitaka. Lakini mdomo uliwahi, ukasema ng'o.

Basi nimekwenda kwa Ato. Nimemkaangia samaki watatu, nimemwekea pilipili nyeusi anayoipenda, nimemsifia unyusi. Kakubali. Masharti mawili: nisiongee, na rangi ni yake, kwa sababu vile vichupa vya kike eti ni maji yaliyotiwa aibu. Sharti la kwanza lilinishinda, kwa hiyo akaniambia nilale. Nimelala mchana kweupe na mkono juu ya kigoda.

Nimeamka. Nimepiga kigelegele! Nyekundu inayong'aa kama mtumbwi mpya, na kila ukucha una nyota ndogo ya dhahabu. Nzuri kuliko kushoto! Nzuri kuliko za Ekua! Nikamkumbatia, nikasema mume ninaye, nikageuza dole gumba.

Dole gumba halina nyota. Lina maandishi. Nimeweka miwani. ATO MCHORAJI. MITUMBWI, MABANGO, MAJENEZA. Na namba ya simu. Yote! Kwenye ukucha mmoja!

Kasema kila kazi yake ina sahihi. Kasema kwa brashi ya unywele mmoja, nimtajie mwingine anayeweza hilo pwani nzima. Nikasema futa. Kasema haifutiki, hiyo inakaa kwenye maji ya chumvi miaka mitatu. Nikauliza inakauka lini. Kafikiri. Kasema juani siku mbili.

Leo ni Ijumaa!

Jumamosi, 10 Agosti

Nianze wapi. Nianze na mazuri.

Asubuhi nimekaa juani kwa muda wa saa mbili na mkono mbele. Juu ilionekana imekauka. Nimevaa kitambaa kipya, shanga mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wakwe wameingia na masinia vichwani, wanaimba. Msemaji wao ni Mama Otuwa, mwanamke mpana, uso kama mlango uliofungwa. Katupa maneno, nimerudisha maneno. Kasema wameona ua zuri bustanini kwetu. Nimesema bustani yetu ina mbwa, ueleze ulipitia wapi. Watu wamecheka! Mdomo wangu leo ulikuwa na mafuta.

Sanduku: nimepokea. Vitambaa sita: nimepokea. Cha sita ni leso nyeupe, nimekinyanyua juu, na nilipokishusha kilikuwa na alama tano nyekundu. Nikasifia haraka nakshi za Takoradi. Mama Otuwa kakitazama kwa mshangao, kisha kanipa Biblia. Biblia ni ya jalada jeusi, Mungu mwema.

Halafu pete.

Nimeitoa kwenye kisanduku kwa dole gumba na cha shahada, nikainyanyua. Kamera ikaja puani. Nikamaliza sifa zangu, nikataka kuirudisha ndani nimkabidhi Esaaba. Haikutoka. Imenata kwenye rangi! Nikatikisa. Inaning'inia. Nikatikisa tena, watu wakadhani ni mtindo, wakapiga makofi. Jasho likanitoka. Nikasahau kila kitu nilichofundishwa tangu utoto, nikaivuta kwa mkono wa kushoto.

Makofi yakakatika. Hata ngoma.

Mama Otuwa kasema polepole kwamba kwao pete iliyonyakuliwa kwa kushoto mbele ya wazee ni pete iliyokataliwa. Wazee wao wakaanza kusimama. Bwana harusi mtarajiwa, Fiifi, kabaki mdomo wazi. Mzee mmoja tayari alikuwa amebeba sanduku. Nikamtazama Esaaba. Wanja ulikuwa unamtiririka mashavuni, na midomo yake ilikuwa inasema Mama Araba, Mama Araba, bila sauti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na shanga zangu. Nilimwahidi dada yangu nitasimama, na nimesimama, na nimevunja nyumba ya mwanawe kabla haijajengwa. Kwa kucha!

Ndipo nikaona Ekua yuko chini. Kapiga magoti mbele ya Mama Otuwa, na kitambaa chake kizuri mchangani. Kaomba radhi kwa niaba ya ukoo. Kasema Mama, hii si dharau. Huyu ni mwanamke aliyejitengeneza peke yake, kwa sababu anampenda mno mtoto wa dada yake, na mimi binamu yake hanipendi hata kidogo. Kisha kafungua mkoba, katoa pamba na kichupa, kaushika mkono wangu mbele ya kamera, kaanza kusafisha.

Mama Otuwa kamzuia. Kalishika dole gumba langu, kaliweka mbali, kaliweka karibu, kasoma kwa sauti ya mimbarini. Ato Mchoraji. Mitumbwi. Mabango. Majeneza. Kauliza mkwe huyu kwa hiyo anatuzika pia? Ato nyuma kule, bila haya, kajibu ndiyo Mama, kwa bei ya ndugu.

Mama Otuwa kaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Kumbe anacheka! Kacheka mpaka kilemba kikaanguka, na wazee wake wakarudi kwenye viti mmoja mmoja. Kasema kosa ni kosa, faini ni chupa moja ya pombe ya jini na kuku. Mzee Kwansa katoa papo hapo, huku akinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka.

Kisha Mama Otuwa kasema pete itolewe upya, ipokelewe upya, safari hii na mtu mwenye mikono. Wote wakamgeukia Ekua. Nami nikamgeukia. Nikasogea pembeni, nilistahili.

Ekua kamaliza kunisafisha, kanisukuma mbele. Kasema huyu alimwahidi marehemu.

Nimeipokea kwa kulia. Ukucha mtupu, unanuka dawa, na unga kidogo pembeni. Esaaba kaulizwa mara tatu kama tuvipokee vitu hivi, na mara tatu kasema ndiyo, ya tatu kwa kupiga kelele. Nimelia. Sikuona haya.

Baadaye, tukila, nimemuuliza Ekua yeye anawezaje kujipaka wa kulia. Kanishangaa. Kasema nani anaweza? Kila Ijumaa anakwenda kwa Mama Mansah kule Abura, anapakwa wa kulia, naye anampaka Mama Mansah wake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, Da Araba. Hukujua?

Nimemkumbatia mbele za watu. Nimeapa kwa kaburi la dada yangu: sitashindana tena na Ekua Bentsiwa, na kucha zangu sitazigusa mwenyewe mpaka nife.

Jumapili, 11 Agosti

Siku njema! Simu ya Ato imelia tangu alfajiri. Ile video imefika Takoradi. Watu watatu wanataka mitumbwi ipakwe, mmoja anataka jeneza la mfano wa samaki, na wanawake wawili wameuliza bei ya nyota za kucha. Ato kanishukuru. Kasema unyusi kausamehe.

Ekua kaja baada ya ibada na bakuli la mchuzi wa karanga. Kasema Ijumaa nisiende popote, atanitengeneza mikono yote miwili, bure, kama dada. Nimelia tena. Tumekula bakuli moja. Mtu mzuri kiasi hiki, nilikuwa nachukia nini?

Akiwa mlangoni kaniambia, kwa wema kabisa, kwamba ndoa ya kanisani ni tarehe saba Septemba, na Mzee Kwansa anatafuta mwanamke wa ukoo wa kusoma somo kwenye Biblia kubwa. Atakuwa anafunua kurasa mbele ya kamera ile ile. Kasema labda yeye ataomba, kwa vile mimi nimeshasimama na nimechoka.

Nimechoka? Mimi?

Nimemshukuru. Nimemsindikiza mpaka kona. Nimerudi, nimefunga mlango, nimefungua simu kwa yule binti wa Lagos. Kumbe nilikosea kwenye brashi tu! Ilikuwa nene! Na nina wiki karibu nne, si siku sita, mkono wowote unafunzika kwa wiki nne. Kaburi la dada yangu litanielewa, yeye mwenyewe hakumpenda Ekua.

Ato kaniazima brashi ya unywele mmoja. Nimeketi, nimefungua kichupa. Nimeanza na mkono wa kushoto.

Umetoka vizuri ajabu!